Ukutubi si kazi ya kupanga vitabu tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye majuma mawili yaliyopita alipendekeza kwamba vyuo vinavyofundisha ukutubi, yaani taaluma ya maktaba, ama vifunge idara hizo ama vizigeuze kuwa idara za kompyuta, kwa kuwa haoni sababu ya kumsomesha mtu miaka mitatu ili ajue kupanga vitabu wakati kila mwenye simu anatembea na maktaba mfukoni. Barua yake ilikuwa ya adabu, wala hakuonekana kuwa mtu asiyependa kusoma, ndiyo maana nimeona inastahili jibu la kirefu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeketi kwenye meza ya maulizo ya maktaba ya umma, na katika miaka ya mwisho kabla ya kustaafu nilikuwa nikipokea wanafunzi waliotumwa na vyuo kwa mafunzo ya vitendo. Kutokana na hao nimejifunza kwamba somo wanalolidharau kuliko yote, lile linalohusu nafasi ya taarifa na maktaba katika jamii, ndilo linalotofautisha mkutubi na mtunza ghala, na wao wenyewe huniambia kwamba ndilo linalowahi kupunguziwa vipindi mtaala unapobanwa.

Sehemu ya lawama ni ya lugha yetu. Neno habari limebebeshwa mzigo mzito: tunaamkiana kwalo, tunalisikia redioni kila saa, kisha tunalitumia tena kutaja kile ambacho mwanafunzi wa ukutubi anakisomea. Jirani yangu mmoja aliposikia kwamba nilisomea sayansi ya habari aliniuliza natangaza redio gani. Wengi wetu siku hizi tunaandika taarifa ili kukwepa mkanganyiko huo, nami nitafanya hivyo hapa, ingawa neno hilo nalo lina harufu ya kituo cha polisi. Neno maktaba lina nasaba iliyo wazi zaidi, maana linatoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupatia kitabu, katibu na mkutubi. Katika ukoo huo utamkuta anayeandika, kilichoandikwa, mahali kinapowekwa na anayekitunza. Asiyekuwamo ni msomaji, na somo ninalolitetea linamhusu yeye.

Nitoe mfano nilioushuhudia. Asubuhi moja mama wa makamo aliingia, akamkuta mwanafunzi wa mafunzo mezani, akauliza vitabu vya sheria viko wapi. Mwanafunzi alimjibu bila kusita: upande wa kushoto, rafu zenye namba 340 na kuendelea. Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Yule mama alishukuru, akaenda, akasimama mbele ya rafu zile kwa muda wa dakika kumi hivi bila kugusa kitabu hata kimoja, mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Alipopita mbele yangu akielekea mlangoni nilimuuliza kama amepata alichokifuata. Akasema vitabu ni vingi, atarudi siku nyingine. Nikamuuliza ni jambo gani hasa lililomleta. Akatazama kulia na kushoto, kisha akaikunjua ile karatasi juu ya meza. Ilikuwa barua ya kumtaka ahame nyumba aliyokuwa amepanga, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilielezwa kwamba mwenye pingamizi aliwasilishe ndani ya siku 14. Siku tisa zilikuwa zimekwisha kupita. Alichohitaji kilikuwa kifungu kimoja cha sheria, fomu moja, na anwani ya ofisi inayowasaidia watu bila malipo, na alivihitaji siku ileile.

Sikumpa ushauri wa kisheria, kwa sababu mkutubi si wakili, na akijitia uwakili anaweza kumponza mtu. Nilimtafutia kifungu, nikakisoma naye mara mbili kwa sauti ya chini, nikamwandikia anwani. Mwanafunzi wangu alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote. Baadaye aliniambia, kwa haya kidogo, kwamba yule mama aliuliza vitabu vya sheria. Ni kweli, ndivyo alivyouliza.

Jambo hilo lina jina na historia katika taaluma yetu. Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani aitwaye Robert Taylor alieleza kwamba swali linalofika kwenye meza ya mkutubi limekwisha kupita ngazi kadhaa. Kwanza huwa ni upungufu ambao mtu anauhisi lakini hana maneno yake. Halafu huwa wazo lisilokaa sawa kichwani. Halafu swali analoweza kumweleza mwenzake. Na mwisho huwa swali lililopunguzwa na kunyolewa ili lifanane na kile anachodhani maktaba inaweza kukitoa. Kazi ya mkutubi ni kushuka ngazi hizo kinyumenyume pamoja na mwuliza swali, bila kumpekua na bila kumwaibisha. Tunasema kuuliza si ujinga, na tunasema kweli, lakini kuuliza ni kazi, na ni ngumu zaidi kwa yule ambaye katika ofisi zote alizowahi kuingia amezoea kuambiwa aje kesho. Kompyuta haimfundishi mwanafunzi jambo hili. Analijifunza kwa kusoma namna watu wa matabaka na hali mbalimbali wanavyotafuta taarifa, wanamwuliza nani kwanza, wanaogopa nini, na kwa nini wengi wao humwamini shemeji kuliko kitabu.

Msomaji mwenzangu ana haki kwa upande mmoja. Elimu ya ukutubi ilianza kweli kama mafunzo ya kupanga. Melvil Dewey, yule aliyetoa mfumo wa namba za kupangia vitabu mwaka 1876, alifungua shule ya ukutubi katika Chuo cha Columbia, New York, mwaka 1887, na humo wanafunzi walifundishwa hata mwandiko maalumu, wa herufi za mviringo zinazosomeka upesi, ili kadi za katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, zilizoandikwa na watu kumi zionekane kama zimeandikwa na mkono mmoja. Ilikuwa shule ya kazi za mikono, na kwa wakati wake ilikuwa shule nzuri. Iliwapokea wanawake wakati chuo chenyewe hakikutaka kuwaona madarasani. Mabadiliko yalikuja Chuo Kikuu cha Chicago kilipoanza kutoa masomo ya juu ya ukutubi mwaka 1928, hadi ngazi ya udaktari. Walimu wa huko hawakuridhika na swali la jinsi ya kupanga. Waliuliza maktaba inafanya nini ndani ya jamii iliyoijenga. Mmoja wao, Douglas Waples, alichunguza kile ambacho watu husoma kwa kulinganisha na kile wanachosema wangependa kukisoma, akaona kwamba mambo hayo mawili hayalingani kama tulivyodhani, kwa kuwa mara nyingi mtu husoma kilicho karibu naye na kilicho rahisi kukipata. Ugunduzi huo unaonekana mdogo, lakini mwenye kuufikiri vizuri ataona kwamba anayeamua nini kiwe karibu na watu ameshika madaraka makubwa.

Sasa, anayetaka idara hizo zigeuzwe kuwa za kompyuta anadhani anazipeleka mbele. Mimi naona anazirudisha mwaka 1887. Atawafundisha vijana kuingiza data na kuendesha programu ya katalogi kwa ustadi, kama vile wazee wao walivyofundishwa mwandiko wa kadi, na hawatajua wanamfanyia nani kazi hiyo.

Na hata huko kupanga kwenyewe si kazi isiyo na siasa ndani yake. Mfumo wa Dewey umeigawa elimu yote katika mafungu kumi, kila fungu likagawanywa tena mara kumi. Fungu la 200 ni la dini. Ukitembea kando ya rafu zake utakuta kwamba sehemu kubwa, kuanzia Biblia kwenye 220 mpaka madhehebu kwenye 280, ni ya Ukristo, na dini nyingine zote za ulimwengu zimesongamana katika 290: Ubudha na Uhindu ndani ya 294, Uislamu katika 297, na dini za jadi za Afrika zimesukumwa mpaka 299, mwisho kabisa wa foleni. Katika fungu la 400, ambalo ni la lugha, Kiingereza kina 420 yake, Kijerumani 430, Kifaransa 440, na kadhalika kwa lugha chache za Ulaya. Lugha zilizobaki, zinazosemwa na sehemu kubwa ya wanadamu, zinagawana 490. Kiswahili tunachoandikia barua hizi kinapatikana 496.392, tarakimu tatu baada ya nukta, kwa kuwa aliyechora ramani hiyo alianzia nyumbani kwake na sisi tulikuwa mbali. Simlaumu mkutubi yeyote kwa kuutumia mfumo huo. Nimeutumia maisha yangu yote na unafanya kazi. Lakini mwanafunzi anayebandika namba bila kujua historia hiyo atadhani ndivyo ulimwengu ulivyo.

Maneno nayo yana uzito kama namba. Maktaba ya Bunge la Marekani ina orodha ya vichwa vya mada, yaani maneno ya kutafutia vitabu kwa mada zake, ambayo maktaba nyingi duniani huiiga. Kwa miaka mingi, vitabu kuhusu wahamiaji wasio na vibali viliwekwa chini ya kichwa kilichowaita wageni haramu. Mwaka 2014 wanafunzi wa Chuo cha Dartmouth walianza kudai kibadilishwe. Mwaka 2016 maktaba ile ikatangaza kwamba itakibadilisha. Wabunge wakaingilia kati kupitia muswada wa bajeti, jambo ambalo sidhani kama kadi ya katalogi iliwahi kuliota. Na ilipofika Novemba 2021 ndipo mabadiliko yalipopitishwa. Miaka saba kwa maneno mawili. Ningependa kumwuliza msomaji mwenzangu idara gani ya kompyuta ingewaandaa vijana kuuelewa ugomvi huo, achilia mbali kuuanzisha.

Kuna pia swali la nani anaruhusiwa kuingia, ambalo ni la zamani kuliko maswali mengine yote. Bunge la Uingereza lilipojadili sheria ya maktaba za umma mwaka 1850, mbunge mmoja, Kanali Sibthorp, aliipinga na kukiri bila aibu kwamba yeye mwenyewe hapendi kusoma. Sheria ilipita, lakini fedha za kodi ziliruhusiwa kutumika kwa jengo na watumishi tu. Vitabu ilibidi viombwe kwa wafadhili, na hali hiyo haikurekebishwa mpaka mwaka 1855. Nimewahi kuwasimulia wanafunzi habari hii wakacheka, kisha nikawauliza wangependa kuanza na nini kama wangepewa fedha za kujenga maktaba, na wengi wakaanza na jengo. Zaidi ya miaka 100 baadaye, tarehe 27 Machi 1961, wanafunzi tisa weusi wa Chuo cha Tougaloo waliingia katika maktaba ya umma ya Jackson, Mississippi, huko Marekani, ambayo haikuwaruhusu watu wa rangi yao. Waliomba vitabu ambavyo katika maktaba waliyotengewa havikuwapo, wakaketi kimya kuvisoma, wakakamatwa. Vitabu vilivyomo vilikuwa vimepangwa vizuri, sina shaka. Katalogi ilikuwa na kila kadi mahali pake.

Nirudi kwenye simu, kwa sababu ndiyo hoja kuu ya barua niliyoijibu. Simu si maktaba. Ni mlango, na nyuma ya mlango huo kuna mtu aliyepanga nini kionekane kwanza. Inafurahisha kujua kwamba hata namna ya kupanga matokeo ya utafutaji kwenye intaneti ina mizizi katika kazi yetu. Mwaka 1873 Frank Shepard wa Chicago alianza kuwauzia mawakili orodha zinazoonyesha hukumu ipi imetajwa katika hukumu zipi zilizofuata. Eugene Garfield aliliona wazo hilo akalihamishia kwenye makala za sayansi, akachapisha faharasa yake katika miaka ya 1960. Waanzilishi wa Google walipoeleza mwaka 1998 jinsi wanavyoupima uzito wa ukurasa kwa kuhesabu kurasa nyingine zinazoelekeza kwake, walikuwa wanafuata njia hiyohiyo iliyokwisha kukanyagwa. Tofauti ni kwamba faharasa ya zamani ililipiwa na aliyeitumia, na injini ya utafutaji inalipiwa na anayetangaza biashara. Mwanafunzi asipofundishwa kuuliza nani analipa, atamsaidia msomaji kutafuta upesi na kumwacha palepale alipotaka mtangazaji.

Akili mnemba imeongeza kazi badala ya kuipunguza. Miezi michache kabla sijastaafu, kijana mmoja alinijia na orodha ya vitabu vitano alivyopewa na programu ya namna hiyo, majina yameandikwa vizuri, waandishi wapo, miaka ipo. Tulivitafuta pamoja katika katalogi yetu, kisha katika katalogi kubwa za nje. Viwili tulivipata. Vitatu havikuwapo popote, kwa sababu havijawahi kuandikwa na mtu. Kijana alidhani maktaba yetu ni duni. Ilinichukua muda mrefu kumweleza kwamba programu ile hutunga sentensi inayofanana na jawabu, na kwamba kukosekana kwa kitabu katika katalogi zote zile kulikuwa taarifa muhimu kuliko orodha yenyewe. Alikuwa na simu nzuri kuliko yangu.

S. R. Ranganathan alikuwa mwalimu wa hisabati huko Madras, India, alipoteuliwa kuwa mkutubi wa chuo kikuu mwaka 1924, na mwanzoni kazi hiyo ilimchosha kiasi cha kuomba arudishwe darasani. Alipelekwa London kujifunza, akarudi mtu mwingine, na mwaka 1931 akachapisha kanuni tano ambazo kila mwanafunzi wa ukutubi hukaririshwa: vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake, okoa muda wa msomaji, maktaba ni kiumbe kinachokua. Nimeona mitihani inayomtaka mwanafunzi azitaje tano hizo kwa mpangilio na kupewa alama tano. Hakuna anayeulizwa msomaji wa kanuni ya pili ni nani, anaishi wapi, anajua kusoma lugha gani, na nini kinamzuia asije. Hapo ndipo ningetamani saa za masomo ziongezwe: mwanafunzi akae siku kadhaa nje ya maktaba, sokoni, hospitalini, kwenye foleni za ofisi, aandike maswali ambayo watu wanaulizana, ndipo arudi kuona ni mangapi kati ya hayo ambayo rafu zetu zinaweza kuyajibu. Niliwahi kuwapa wanafunzi wawili kazi ya namna hiyo bila idhini ya chuo chao, na chuo hakikufurahi, lakini daftari walilorudi nalo lilitufanya tubadilishe agizo la vitabu la mwaka ule.

Mwisho nina ombi kwako, Ndugu Mhariri, nalo halitoki nje ya mada. Mwaka 1537 Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa aliamuru kwamba hakuna kitabu kitakachouzwa katika milki yake kabla nakala moja haijakabidhiwa maktaba yake. Amri hiyo ndiyo mama wa sheria za nchi nyingi zinazowataka wachapishaji kuwasilisha nakala kwa maktaba ya taifa. Magazeti yamo katika sheria za namna hiyo, lakini karatasi ya magazeti, iliyotengenezwa kwa rojo la miti, ina asidi inayoila yenyewe, na nakala za miaka 50 iliyopita humeguka vidoleni kama jani kavu. Toleo la mtandaoni halimeguki. Linatoweka tu, siku tovuti inapobadilishwa sura na viungo vyote vya zamani vikafa. Barua ya msomaji mwenzangu niliisoma kwenye karatasi. Nilipoitafuta kwenye tovuti yako ili niinukuu kwa haki, sikuiona, wala barua yoyote iliyotangulia mwaka huu. Tafadhali tuelezee gazeti linatunza wapi barua za wasomaji, kwa muda gani, na kama maktaba inaweza kupewa nakala zake za kidijitali kila mwezi. Wakutubi wapo watakaozipokea, na wakihitaji msaada wa kuzipanga, mimi nina nafasi siku za Jumanne na Alhamisi.

Wako mtiifu,
Mkutubi mstaafu